Huzuni ya albamu ya Isola (Kent, 1997) inatoka wapi, ikiwa sielewi Kiswidi?

#1 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajamvi. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu masika yalipoanza. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu aliyekuwa akisoma Uppsala aliniachia sidii ya bendi ya roki ya Uswidi iitwayo Kent, na albamu yenyewe ni Isola, ya tatu katika kazi zao. Nyimbo ni 11. Wa kwanza unaitwa Livräddaren na wa mwisho unaitwa 747. Nimeisikiliza katika zamu za usiku, nikiwa peke yangu na taa moja, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kiswidi sikijui hata cha kuombea maji. Hata hivyo, kila nikifika kwenye wimbo wa mwisho najikuta nimenyamaza kama mtu aliyerudi kutoka makaburini, na nyumbani wameshaniuliza zaidi ya mara moja kama kuna msiba nimeuficha. Dai langu ni hili: huzuni hii haimo katika maneno, kwa sababu maneno siyaelewi, na bado inanifikia. Kama haimo katika maneno, imo wapi?

#2 Gitaa Kavu

Mkuu, jibu lako liko katika kalenda. Mwaka 1997 ndio mwaka ambao Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, walitoa albamu yao OK Computer, na bendi nyingi za Ulaya zenye magitaa zikaanza kutafuta ubaridi uleule: sauti ya mwimbaji inayopanda juu kama inayokaribia kukatika, magitaa yaliyojaa mwangwi, na mashairi yanayomhusu mtu mmoja ndani ya dunia ya mashine. Isola ilifuata mwaka uliofuata ikiwa imeshachukua funzo hilo. Unachokisikia ni huzuni ya Uingereza iliyopelekwa kaskazini.

#3 Karani wa Kumbukumbu

Naomba kumsahihisha Gitaa Kavu kwa heshima. Isola haikutoka mwaka uliofuata. Toleo la Kiswidi lilitoka Novemba 1997, na lililotoka 1998 ni toleo la Kiingereza, ambalo bendi iliimba upya kwa ajili ya wasikilizaji wa nje. OK Computer ilitoka kati ya Mei na Juni 1997. Miezi mitano au sita haitoshi kuandika, kurekodi na kutoa albamu nzima kwa kuiga, ingawa sikatai kwamba bendi zote mbili zilikuwa zinapumua hewa moja.

#4 Mkaazi wa Västerås

Habari zenu. Ninaishi Västerås mwaka wa kumi na moja sasa, upande wa pili wa ziwa Mälaren ukitazama kutoka Eskilstuna, mji walikotoka Kent. Ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo nakuelewa vizuri, mleta uzi.

Wengi wangekujibu kwamba ni giza la majira ya baridi, na hawangekosea kabisa, kwa sababu mwishoni mwa Desemba mchana wa huku ni wa takriban saa 6 tu na jua huzama kabla ya saa 9 alasiri. Lakini giza linaloumiza si la Desemba. Desemba watu huweka taa na mishumaa katika kila dirisha, na theluji ikianguka huakisi hata mwanga mdogo wa taa za barabarani, mji ukang'aa. Kinachoumiza ni Novemba, kwa kuwa majani yamekwisha kuanguka, theluji haijafika, lami imelowa na inaumeza mwanga wote, na kila mtu anatembea ameinamisha kichwa. Karani ametukumbusha kwamba albamu ilitoka Novemba. Mimi niliisikiliza kwa mara ya kwanza mwezi huohuo, ndani ya basi la saa 11 alfajiri, na niliona kana kwamba mtu amerekodi kile kilichokuwa nje ya dirisha.

#5 Mama Salma

Dada Mkaazi (nisamehe kama ni kaka), maelezo yako yamenifanya nivute khanga mabegani ilhali niko Tanga. Hata hivyo nina pingamizi. Giza hilohilo la Novemba ndilo lililowalea ABBA na Roxette, na wote hao wameshachezwa kwenye harusi zetu. Kama giza lingekuwa sababu, Uswidi nzima ingekuwa inaimba namna moja.

#6 Mkaazi wa Västerås

Ni dada. Ahsante, Mama Salma. Pingamizi ni la haki, ingawa ukiondoa mdundo katika nyimbo kadhaa za ABBA na kubaki na sauti za wale wanawake wawili, sidhani kama utacheza.

#7 Mwalimu wa Kwaya

Hapo hapo kwenye neno la mwisho la Mkaazi ndipo pa kuchimba. Nimefundisha kwaya kwa sol-fa (yaani do, re, mi) kwa miaka ishirini, na ninachokijua ni kwamba wimbo unaotua kwenye "la" badala ya kutua kwenye "do" humwacha msikilizaji na kitu mkononi ambacho hajui akiweke wapi. Nyimbo nyingi za kiasili za Uswidi hutua huko. Mwaka 1964 mpiga kinanda Jan Johansson alitoa albamu iitwayo Jazz på svenska, ambamo alizichukua nyimbo za vijijini na kuzipiga polepole, kwa kinanda na kontrabasi (lile zeze kubwa la besi la kusimama) tu, na Waswidi hadi leo huiweka wakitaka kutulia. Hakuna mwimbaji humo, wala neno moja, na bado huzuni ipo. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi kwamba maneno si ya lazima. Kent wameurithi mkondo huo, wakaongeza magitaa ya umeme.

#8 Mkaazi wa Västerås

Mwalimu, umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Kila Juni, siku ya kufunga shule, watoto wa huku huimba wimbo wa kidini wa karne ya 17 uitwao Den blomstertid nu kommer, maana yake "wakati wa maua sasa unakuja". Maneno yanasifu jua, majani mabichi na ndege. Nilipompeleka binti yangu mara ya kwanza, watoto walikuwa wamevaa nguo nyeupe, jua lilikuwa kali, likizo ndefu inaanza, na sauti ikainuka ikiwa ni ya majonzi matupu. Nilitazama kulia na kushoto nikaona wazazi wanafuta machozi huku wanatabasamu. Wana neno lao la hali hiyo, vemod, ambalo sijui nilitafsiri vipi: si msiba, si kukata tamaa, ni ule uchungu mtamu wa kujua kwamba kitu kizuri kinapita wakati bado umekishika.

#9 Mtafsiri

Tujaribu. "Majonzi" ni mazito mno na yanahitaji tukio. "Simanzi" imekaribia, lakini humlemea mtu, wakati vemod, kwa maelezo ya dada Mkaazi, humwacha akitabasamu. "Jitimai" ni nzuri katika ushairi, ila leo wengi hawaitumii. Ningependekeza "ukiwa" kwa albamu hii, ingawa si tafsiri ya vemod, kwa sababu ukiwa ni hali ya mahali na ya mtu kwa pamoja: nyumba huwa na ukiwa, na aliyebaki ndani yake pia. Halafu jina lenyewe la albamu ni la Kiswidi na maana yake ni "kisiwa". Ukiwa na kisiwa, mnasikia yanavyoitikiana katika lugha yetu.

#10 Karani wa Kumbukumbu

Ndugu Mtafsiri, mengine yote nakubaliana nawe, ila hilo la mwisho silo. Isola ni Kiitaliano. Kwa Kiswidi kisiwa kinaitwa "ö", herufi moja tu. Hata hivyo Mswidi akiliona jina hilo atalisikia pia neno lake "isolera", yaani kutenga, kwa hiyo kutengwa kumo.

#11 Mtafsiri

Nimesahihishwa, na ninashukuru. Lugha yenye kisiwa cha herufi moja tu inastahili albamu ya namna hii.

#12 Mzee wa Kaseti

Salaam kwenu vijana. Mnazungumza mambo ya hali ya hewa na ya muziki, lakini hakuna aliyetaja fedha. Mimi nilikuwa Linköping kimasomo kuanzia 1991 hadi 1994, na niliyaona kwa macho yangu. Uswidi niliyosimuliwa kabla ya kwenda ilikuwa nchi ambamo kila mtu ana kazi, na kwa kweli mwaka 1990 wasiokuwa na kazi walikuwa chini ya asilimia 2. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamezidi asilimia 8. Septemba 1992 benki kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 500 ili kuinusuru sarafu, na haikufaulu. Mwenye nyumba wangu, mtu wa makamo aliyekuwa fundi kiwandani tangu ujana, alirudi siku moja saa 4 asubuhi, akakaa jikoni na koti lake mwilini mpaka jioni. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Kule mtu halalamiki, hunyamaza tu.

Sasa hesabuni wenyewe. Mwimbaji na mtunzi wa Kent, Joakim Berg, alizaliwa 1970, na bendi ilianza 1990, kwa jina jingine. Vijana hawa walitimiza miaka ishirini pale hasa nyumba ilipoanza kuvuja. Nikiisikiliza Isola namsikia yule fundi na koti lake.

#13 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Shikamoo Mzee wa Kaseti. Nimeisoma hiyo ya koti mara tatu.

#14 Gitaa Kavu

Shikamoo Mzee. Simulizi ni nzito, lakini linaeleza Uswidi nzima ya wakati ule, halielezi kwa nini bendi hii na si nyingine. Vijana wengine wa umri huohuo na nchi hiyohiyo walitengeneza muziki wa dansi uliovuma dunia nzima, na Ace of Base walitamba katika miaka hiyohiyo ya ukosefu wa kazi.

#15 Mwana wa Mhunzi

Basi tuache nchi tuende kwenye mji, kwa sababu Eskilstuna ina historia yake. Ni mji wa chuma. Karakana za wahunzi za Rademacher, zilizoanzishwa katika miaka ya 1650, bado zinaonekana katikati ya mji, na kwa vizazi vingi jina la Eskilstuna lilimaanisha visu, mikasi na kufuli. Viwanda vilipohitaji mikono baada ya Vita Kuu ya Pili, mikono mingi ilitoka Finland, hasa baada ya nchi za Nordiki kuruhusu raia wao kufanya kazi popote kati yao kuanzia 1954. Bendi nzima ya Kent ni watoto wa Wafini hao, na Wafini wana muziki wao wenyewe wa dansi ya tango ambao karibu wote unalia. Huzuni ya Isola imetoka ng'ambo ya Baltiki.

#16 Karani wa Kumbukumbu

Si bendi nzima. Berg na mpiga besi Martin Sköld wana majina ya Kiswidi. Majina ya Kifini ni matatu: Sami Sirviö na Harri Mänty kwenye magitaa, na Markus Mustonen kwenye dramu. Mänty aliingia 1996, baada ya Martin Roos kuacha gitaa na kuwa meneja wa bendi, na aliondoka 2007.

#17 Mwana wa Mhunzi

Watatu kati ya watano hawajapunguza hoja yangu sana. Mänty, kwa Kifini, ni msonobari, na msitu wa misonobari upepo ukipita unalia vilevile kama gitaa la pili kwenye wimbo wa Celsius.

#18 Mama Salma

Sasa tumeanza kusikia misonobari. Mwana wa Mhunzi, wewe ni mshairi uliyejificha katika karakana. Lakini mwandishi wa mashairi na mwenye sauti ni Berg, ambaye hayumo katika hao watatu, kwa hiyo hoja yako imekosa mguu wa mbele.

#19 Dereva wa Kati

Naomba nami nichangie kidogo. Ninaendesha lori kati ya Dodoma na Mwanza, na baada ya uzi huu kuanza nikaiweka albamu nzima njiani, kuanzia Manyoni hadi Shinyanga, ikajirudia mara kadhaa. Sikuona huzuni. Niliona mwendo. Ule wimbo wa 747 dramu zake haziharakishi wala hazichelewi, gitaa linarudia jambo lilelile, maneno yanakoma mapema, kisha unaachwa na muziki peke yake kwa muda mrefu kama barabara iliyonyooka. Aliyezoea kuondoka nyumbani alfajiri watoto wakiwa wamelala atauelewa. Naona ni muziki wa kuondoka, na kuondoka si lazima kuwe msiba.

#20 Karani wa Kumbukumbu

Dereva amegusa kiini cha jina. 747 ni ile ndege ya Boeing, na wimbo wenyewe una urefu wa dakika 7 na sekunde 47. Kwa muda mrefu Kent walikuwa wakifunga nao matamasha yao.

#21 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Karani, miaka yote hii nimeutazama muda huo kwenye redio yangu na sikuunganisha. Dereva, ahsante sana. Ila ninapata tabu na jambo moja. Ikiwa ni mwendo tu, kwa nini nyimbo zetu nyingi za safari hazinifanyi ninyamaze hivi? Mwendo upo, kuondoka kupo, na bado baada ya wimbo ninaongea na kucheka.

#22 Mwalimu wa Kwaya

Kwa sababu nyimbo hizo zina mwitikio. Mmoja anaita, wengine wanapokea, hata kama ni waimbaji wawili tu studioni. Sikilizeni Isola kwa makini: Berg anaita na hakuna anayempokea. Sauti zinazoongezwa nyuma yake mara nyingi zinasikika kama mwangwi wake mwenyewe unaorudi. Kwa sikio lililolelewa na kiitikio, kumsikia mtu akiita bila kujibiwa ni jambo la kutisha kidogo, hata aite kwa lugha gani. Hapa ninairekebisha hoja yangu ya #7: si "la" peke yake, ni kukosekana kwa kundi.

#23 Mtafsiri

Hoja ya Mwalimu inaungwa mkono na majina ya nyimbo zenyewe, ambayo yanaweza kutafsiriwa bila kugusa mashairi. Livräddaren ni "mwokoa maisha", kama yule anayekaa ufukweni kuwatazama waogeleaji. Om du var här ni "kama ungekuwa hapa". Innan allting tar slut ni "kabla ya yote kwisha". Ukiyapanga hivyo tu, una mtu aliye peke yake anayemwita asiyekuwepo kabla ya muda kwisha.

Lakini nataka kuleta maelezo mengine yanayompinga mleta uzi. Kiswidi ni lugha yenye lafudhi mbili za kupanda na kushuka. Neno "anden" likitamkwa kwa lafudhi moja ni yule bata, likitamkwa kwa nyingine ni ile roho. Sentensi ya kawaida tu inapanda na kushuka kabla haijatiwa muziki. Hivyo hata usipoielewa maana, unalisikia wimbi la lugha, na wimbi hilo limo ndani ya maneno. Kusema kwamba huzuni haimo katika maneno kwa kuwa huyaelewi ni kusahau kwamba maneno yana mwili pia.

#24 Gitaa Kavu

Hilo linaweza kupimwa, kwa kuwa toleo la Kiingereza lipo. Muziki ni uleule, mwimbaji ni yuleyule, lugha imebadilika. Kama Mtafsiri yuko sahihi, toleo la Kiingereza litakuwa na huzuni pungufu.

#25 Karani wa Kumbukumbu

Nina matoleo yote mawili. La Kiingereza lina wimbo wa ziada, Velvet, na jambo moja la kuvutia: Saker man ser, "mambo ayaonayo mtu", kwa Kiingereza umekuwa "mambo aliyoyasema yule mwanamke". Maana imehama kabisa, lakini sauti ya jina imebaki karibu na ya mwanzo. Kwangu hiyo ni dalili kwamba kwa watunzi wenyewe sauti ilikuwa na uzito usiopungua ule wa maana. Walirudia jaribio hilo katika albamu iliyofuata, Hagnesta Hill, iliyobeba jina la mtaa wa Eskilstuna na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 2000, kisha wakaacha na kubaki na Kiswidi hadi tamasha lao la kuaga, Stockholm, tarehe 17 Desemba 2016. Toleo la Kiingereza kwangu ni zuri, ila ni kama chai ileile iliyomiminwa katika kikombe cha mtu mwingine.

#26 Mama Salma

Niseme la kwangu, ambalo nimelizuia tangu jana. Uzi huu ulipoanza sikuwa nimeisikia bendi hii. Usiku ule nikaitafuta, nikaisikiliza yote kwenye simu, na nilipofika Om du var här nikalia sana, kabla Mtafsiri hajatueleza maana ya jina. Mdogo wangu alifariki mwaka juzi. Sasa nimeambiwa kwamba jina ni "kama ungekuwa hapa", na sijui niseme nini. Mwalimu atasema ni kwa sababu hakuna anayeitikia, Mtafsiri atasema ni wimbi la lugha. Mimi nahisi huzuni niliibeba mwenyewe, na albamu ilinipa tu mahali pa kuitua.

#27 Mzee wa Kaseti

Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu.

#28 Mwana wa Mhunzi

Pole sana, Mama Salma. Nakubali kuziacha nyumbani tango zangu za Kifini kwa leo, ingawa msimamo wangu kuhusu misonobari haujabadilika.

#29 Mkaazi wa Västerås

Pole, dada yangu.

Nimerudi kutoka kazini sasa hivi. Nilimweleza mwenzangu wa zamu, Mswidi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kwamba watu wa Afrika Mashariki wanajadili kwa siku nne kwa nini Isola inahuzunisha. Alishangaa kweli. Akaniambia kwamba kwake albamu hiyo ni furaha tupu, kwa sababu ilikuwa ikichezwa ndani ya gari la dada yake majira ya kiangazi walipokuwa wakienda kuogelea ziwani, madirisha yakiwa wazi, na wote wakiimba 747 kwa kupaza sauti. Nikamwambia kuhusu hoja ya Mwalimu, kwamba mwimbaji anaita bila kuitikiwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini sisi tulikuwa tunamwitikia."

#30 Mwalimu wa Kwaya

Hapo sina jibu la haraka. Nitaisikiliza tena nikiwa na wanakwaya wangu wawili watatu.

#31 Gitaa Kavu

Mtafsiri, kwa nini usituwekee hapa tafsiri nzima ya maana ya 747, mstari kwa mstari, kwa maneno yako mwenyewe? Tutajua angalau anamwita nani.

#32 Mtafsiri

Ninaweza kueleza kisa chake, ninayo tayari. Nasubiri mleta uzi aseme.

#33 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Ninawashukuru wote. Mtafsiri, naomba uwatumie wanaotaka kwa ujumbe wa faragha, na mimi unibakize kwanza. Leo naingia zamu saa 4 usiku, na nataka niusikilize mara moja zaidi nikiwa bado sijui, nikimfikiria yule fundi na koti lake, lori la Dereva, na wale dada wawili ndani ya gari. Kesho asubuhi nikitoka nitakuandikia mwenyewe.